Kadi ya njano iliyoishi miezi 16: Nani anahesabu?

UBISHI wa penalti una umri mfupi. Filimbi ya mwisho ikishalia, mashabiki wa Shinyanga hutoka Kambarage wakilaumiana mpaka stendi, wa Geita hutoka Nyankumbu wakirushiana maneno, na ikifika Jumatano watu wameshahamia mechi nyingine. Ubishi wa kadi ya njano ni mnyama mwingine kabisa. Huo unaweza kulala miezi, ukaamka siku ambayo hakuna anayeutarajia, na ukaondoka na pointi tatu.

Waulize Afrika Kusini. Machi 21, 2025 waliifunga Lesotho 2-0 kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia, wakashangilia, wakarudi makwao. Kiungo wao Teboho Mokoena alianza mechi ile. Kumbe alikuwa na kadi mbili za njano: moja ya mechi na Benin Novemba 2023, nyingine ya mechi na Zimbabwe Juni 2024. Kwenye mashindano hayo kadi mbili za mechi mbili tofauti zinamkalisha mchezaji nje mechi moja. Kadi ya kwanza ilikuwa na miezi 16. Katikati Bafana walicheza mechi kibao, zikiwemo za AFCON, lakini hizo ni za mashindano mengine, hazigusi hesabu hii. Septemba 29, FIFA ikashusha rungu: Lesotho wapewe ushindi wa 3-0.

Kilichowauma zaidi Wasauzi ni kwamba kosa halikuwa la Mokoena pale uwanjani. Hakumgonga mtu wala kumtukana mwamuzi. Kosa lilikuwa la mtu wa ofisini aliyepaswa kuwa na daftari. Walipona kwa sababu mechi zao za mwisho walizicheza vizuri na wakafuzu Oktoba, lakini kwa wiki mbili nchi nzima ilikuwa inapiga hesabu za tofauti ya mabao.

Shabiki wa Kanda ya Ziwa anayesoma habari hiyo hashangai. Filamu hii aliiona mwaka 2017, na waigizaji walikuwa majirani zake.

KAITABA, APRILI 2

Siku hiyo Kagera Sugar waliikaribisha Simba pale Kaitaba, Bukoba, wakashinda 2-1. Simba walikuwa kwenye mbio za ubingwa na Yanga, kila pointi ina bei ya dhahabu ya Geita. Haukupita muda likaibuka jambo: beki wa Kagera, Mohamed Fakhi, amecheza akiwa na kadi tatu za njano. Kwa kanuni ya Ligi Kuu ya msimu ule, kadi tatu ni kukaa nje mechi moja inayofuata.

Kamati ya Saa 72 ya Bodi ya Ligi ikakaa, ikawapa Simba pointi tatu na mabao matatu. Msimbazi shangwe. Jangwani wakanuna. Siku chache baadaye Kamati ya Sheria, Katiba na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikakaa nayo, ikazirudisha pointi kwa Kagera Sugar. Safari hii Jangwani ndio wakacheka. Simba wakasema wanakwenda FIFA.

Kilichozozaniwa ni kitu kidogo mno. Kadi mbili hazikuwa na tatizo. Ugomvi ulikuwa kwenye moja tu: ilitolewa kweli au haikutolewa? Upande mmoja ulishika kumbukumbu zinazoonyesha tatu, mwingine ukasema mchezaji ana mbili. Kadi ni kitendo cha sekunde tatu. Mwamuzi anatoa mfukoni, anainua, anaandika, anarudisha. Miezi kadhaa baadaye watu wazima wenye suti wanakaa mezani kuuliza kama sekunde zile tatu zilikuwepo.

Na uamuzi wa mwisho haukulijibu swali hilo kwa namna ya kumridhisha shabiki wa kawaida. Ulisimama zaidi kwenye utaratibu, yaani namna malalamiko yalivyowasilishwa. Kwa wanasheria hiyo ni hoja nzito kabisa: kama kanuni inasema malalamiko yaje kwa njia fulani na ndani ya muda fulani, anayekwenda kinyume hana kesi. Kwa shabiki aliyelipa kiingilio, inabaki kama mwamuzi aliyekataa bao bila kusema ni faulo au ni kuotea.

Angalia sasa uzito wake. Mei 20, 2017, siku ya mwisho ya ligi, Yanga walikuwa Kirumba, wakafungwa 1-0 na Mbao FC. Simba nao wakaifunga Mwadui ya Shinyanga. Timu zote mbili zikamaliza na pointi 68. Yanga wakawa mabingwa kwa tofauti ya mabao. Pointi tatu za Kaitaba zingebaki Msimbazi, hesabu ingesoma 71 kwa 68. Kombe zima lilining'inia kwenye kadi moja ya njano ambayo watu walishindwa kukubaliana kama ilionekana.

Mokoena na Fakhi wanafanana, lakini kuna tofauti moja inayostahili kutazamwa. Kwenye kesi ya Afrika Kusini, dirisha la malalamiko ya baada ya mechi lilishapita zamani, na bado FIFA ikaendelea na shauri, kwa sababu kumbukumbu za kadi ni zake yenyewe na zinaonekana. Kwa FIFA, mchezaji asiyeruhusiwa ni asiyeruhusiwa, aliyelalamika awepo au asiwepo. Kwenye kesi ya Kaitaba, mlalamikaji na utaratibu wake ndio waliogeuka kuwa mada. Njia zote mbili zina watetezi. Lakini ile ya kwanza inafanya kazi tu pale ambapo mwenye ligi ana daftari ambalo hakuna anayelitilia shaka.

MASWALI YA KIJIWENI

Ukikaa kijiweni Kahama au Katoro, maswali kuhusu kadi zinazoendelea kuishi hayaishi. Mengi yana majibu, tatizo ni kwamba watu wanayachanganya.

La kwanza: mchezaji akila njano mbili kwenye mechi moja akatolewa, je, zile njano zinaongezwa kwenye jumla yake? Kwa utaratibu wa FIFA, hapana. Njano mbili zikishazaa nyekundu, zenyewe zinafutika, inabaki nyekundu na adhabu yake. Lakini kama alikula njano dakika ya 20, halafu dakika ya 70 akapigwa nyekundu ya moja kwa moja kwa rafu mbaya, ile njano ya kwanza inabaki palepale. Anaondoka na vyote viwili. Hapa ndipo mameneja wengi wa timu wanapoliwa: wanaona nyekundu, wanadhani imemeza kila kitu.

La pili linahusu mvua, na watu wa ukanda huu wanaijua mvua. Mechi imechezwa dakika 55, uwanja umekuwa bwawa, mwamuzi anavunja. Kadi za siku ile zinakwendaje? Kanuni za nidhamu za FIFA zimekuwa zikitenganisha: mechi ikirudiwa yote upya, njano zinafutwa, isiporudiwa, zinabaki. Nyekundu haina bahati hiyo. Nyekundu inabaki hata kama mechi imevunjika, hata kama matokeo yamefutwa. Na timu ikinyang'anywa ushindi mezani, njano za wachezaji wake hazirudishwi eti kwa sababu mechi “haipo”. Bao linaweza kufutwa, rafu haifutiki.

La tatu ndilo lenye utata hasa: mechi ipi inahesabika kuwa ameitumikia adhabu? Watu husema “si amekaa nje mechi moja, basi”. Kukaa nje peke yake hakutoshi. Legia Warsaw ya Poland ilijifunza kwa machozi mwaka 2014. Ilikuwa imeichapa Celtic 4-1 kwenye kufuzu Ligi ya Mabingwa Ulaya, ikaenda marudiano ikashinda tena 2-0. Jumla 6-1. Dakika za mwisho, mechi imekufa kabisa, ikamwingiza beki Bartosz Bereszyński. Huyu alikuwa na adhabu ya mechi tatu ya msimu uliopita, na klabu iliamini ameshaitumikia kwa kukaa nje mechi tatu zilizotangulia. Lakini kwenye mechi mbili za raundi ya kabla hakuwa hata kwenye orodha ya wachezaji waliosajiliwa kwa mashindano. UEFA ikasema: mtu ambaye hakuwa na haki ya kucheza hata bila adhabu, huwezi kumhesabia kwamba amekaa nje kwa adhabu. Celtic wakapewa 3-0, jumla ikawa 4-4, wakapita kwa bao la ugenini. Dakika nne za mchezaji mmoja ziliila timu nzima.

Ni kanuni kali, lakini ina mantiki. Bila hiyo, klabu ingeweza kumtoa mchezaji kwenye usajili wa kombe dogo na kudai anatumikia adhabu huko, huku akipumzika nyumbani.

La nne: mchezaji akihama, kadi zinahama? Adhabu ambayo hajaitumikia inamfuata. Real Madrid walidhani vinginevyo, au niseme hawakudhani kabisa. Desemba 2015 walimchezesha Denis Cheryshev dhidi ya Cádiz kwenye Kombe la Mfalme, akafunga bao la kwanza. Msimu uliotangulia alikuwa Villarreal kwa mkopo, huko ndiko alikokula kadi za kombe hilo na kutakiwa kukaa nje mechi moja. Mashabiki wa Cádiz waliijua habari hiyo mechi ikiendelea, wakaanza kuimba jukwaani. Real wakamtoa baada ya mapumziko, lakini maji yalishamwagika. Wakatupwa nje ya mashindano. Klabu tajiri kuliko karibu zote duniani, yenye wanasheria wa kujaza basi, ilizidiwa na mashabiki wa timu ya daraja la tatu waliokuwa na simu na kumbukumbu nzuri.

Na huku kwetu wachezaji wanahama kuliko wanavyobadili viatu. Dirisha dogo linafunguliwa, kijana anatoka timu ya Tabora anaingia ya Geita, anatoka Mwadui anakwenda Stand. Anayemsajili anauliza umri, anauliza goti, anauliza mshahara. Ni wangapi wanaouliza “una njano ngapi?”

Jirani zetu wa Ethiopia nao wana yao. Juni 2013 walikuwa wanakaribia hatua ya mwisho ya kufuzu Kombe la Dunia la Brazil. Waliifunga Botswana 2-1 wakiwa na Minyahil Teshome, aliyekuwa na njano mbili. Wiki iliyofuata wakaifunga Afrika Kusini, Addis Ababa ikalipuka kwa furaha, na siku hiyohiyo FIFA ikatangaza kwamba inachunguza. Shirikisho lao likakiri kosa. Ushindi dhidi ya Botswana ukageuka kuwa kipigo cha 3-0 mezani. Walibaki na nafasi, wakaimalizia kazi Septemba, kisha Nigeria ikawatoa. Lakini miezi mitatu ya wasiwasi waliinunua wenyewe.

Hadi hapa ni yaliyochelewa kuonekana. Kuna wakati kadi inangoja kwenye jedwali bila kumfungia mtu yeyote, halafu inaamua nani anarudi nyumbani. Senegal ya 2018 ililingana na Japan kwa pointi, mabao, na matokeo yao wenyewe. Kilichowatenganisha ni njano: Japan nne, Senegal sita. Afrika ikaondoka Kombe la Dunia kwa kadi mbili.

GEITA 2016: ADHABU ILIYOZAA TIMU

Kwa watu wa mkanda wa dhahabu, hata hivyo, kidonda kikubwa hakikuwa cha njano. Kilikuwa cha mabao nane.

Februari 2016, siku ya mwisho ya Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zinagombea nafasi moja ya kupanda, na tofauti ya mabao ndiyo ingeamua. Geita Gold ikaifunga JKT Kanembwa 8-0. Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Hakuna aliyehitaji kuwa mtaalamu wa soka kuinua nyusi. Aprili, Kamati ya Nidhamu ya TFF ikazitia hatiani kwa kupanga matokeo: Geita Gold, Polisi Tabora na JKT Oljoro zikashushwa Daraja la Pili, JKT Kanembwa ikapelekwa chini zaidi, ligi ya mkoa. Baadhi ya watu wakafungiwa.

Nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza, iliyokuwa kundi hilohilo.

Fuatilia adhabu hiyo ilivyotembea. Mbao, timu iliyoingia Ligi Kuu kwa mlango uliofunguliwa na kashfa ya wengine, ndiyo iliyoifunga Yanga siku ya mwisho ya msimu wa 2016/17, siku ileile ambayo kadi ya Fakhi ilikuwa inaamua ubingwa. Mbao hiyohiyo iliitoa Yanga kwenye nusu fainali ya Kombe la FA, ikafika fainali Dodoma, ikaisukuma Simba mpaka muda wa nyongeza kabla ya kulala 2-1. Simba wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Bila hukumu ya Aprili 2016, msimu ule ungekuwa na sura nyingine, kwa uzuri au ubaya.

Na Geita? Mashabiki wake, wachimbaji wadogo, mama lishe wa Nyankumbu, madereva wa bodaboda ambao hawakupanga matokeo ya mtu yeyote, walisubiri mpaka 2021 kuiona timu yao Ligi Kuu. Ilipofika, ikaonyesha kilichokuwa kinangoja: msimu wa kwanza tu nafasi ya nne, George Mpole mfungaji bora kwa mabao 17 akimpita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja, na tiketi ya Afrika. Haikudumu. Mwisho wa msimu wa 2023/24 ikashuka, kama zilivyoshuka Stand United mwaka 2019 na Mwadui mwaka 2021. Ukanda unaotoa dhahabu na almasi ukabaki bila timu ya Ligi Kuu.

Hapo kuna swali gumu kuliko yote ya kadi: adhabu ya klabu inamfuata nani? Mchezaji mwenye njano tatu ni yuleyule aliyezila. Klabu inaposhushwa, waliofanya dhambi mara nyingi wameshaondoka, kocha yuko kwingine, wachezaji wamehama, viongozi wamefungiwa. Anayebaki kuitumikia ni shabiki, na mtoto wa timu ya vijana aliyekuwa na miaka 12 siku ya lile bao la nane. Hakuna aliyepata jibu safi la hili popote duniani. Faini peke yake klabu tajiri inailipa ikicheka. Kukata pointi kunawaumiza walewale. Kuacha bila adhabu ni kuuza ligi. TFF ilichagua kisu kikali, na kwa mabao 15 ndani ya alasiri moja, ilikuwa vigumu kuchagua kingine.

DAFTARI LIKO KWA NANI?

Turudi kwenye njano, maana ndiyo inayoweza kutibika.

Kanuni za ligi hutoka kila msimu, na idadi ya kadi za kumkalisha mchezaji inaweza kubadilika. Kisichobadilika ni mnyororo wa taarifa. Mwamuzi anaandika ripoti, kamisaa anaandika yake, zinafika Bodi ya Ligi, kamati inapitia. Klabu nayo inatakiwa kuwa na hesabu yake. Ligi Kuu ya leo ina kamera, mechi inaonyeshwa mubashara, kadi ikitoka nchi nzima imeiona. Kurudia kesi ya Kaitaba kwa mechi iliyorushwa kwenye televisheni ni kazi ngumu.

Shuka ngazi mbili chini uone. Mechi ya ligi ya mkoa, Shinyanga au Geita, saa kumi jioni, hakuna kamera, karatasi ya mwamuzi imelowa jasho, jina la mchezaji limeandikwa moja tu, na timu ina akina Masanja watatu. Namba za jezi zimebandikwa kwa plasta. Njano ya dakika ya 33 imekwenda kwa Masanja yupi? Kanuni zinamruhusu mwamuzi kurekebisha akigundua kadi imemwangukia asiyehusika, lakini kwanza agundue. Mwezi mmoja baadaye timu ile iko kileleni, mpinzani anakata rufaa, na shahidi pekee ni karatasi ile.

Kwenye kombe la ng'ombe la kijijini hili si tatizo. Njano inakufa mechi ikiisha, watu wanakula nyama. Lakini ligi ya mkoa ni ngazi ya kupandia. Pointi tatu za pale ndizo zinazoamua kama kijiji kitaona Championship miaka mitatu ijayo au la.

Dawa haihitaji mgodi. Bodi ya Ligi na vyama vya mikoa vikitoa kila Jumatatu orodha moja ya wazi, jina kamili, klabu, mechi, tarehe, idadi ya kadi, na kutoa siku mbili za mtu kuipinga, ubishi unakufa kabla ya mechi inayofuata. Klabu inayokaa kimya siku hizo mbili isije kuimba wimbo mpya mwezi wa nne. Orodha hiyo ikishafungwa ndiyo inayosimama, kwa Simba, kwa Yanga, na kwa timu ya Bukombe ambayo jina lake halijawahi kuandikwa gazetini. Adhabu ya anayehama iandikwe kwenye fomu yake ya usajili, palepale juu ya sahihi.

Meneja wa timu naye asisubiri Dar es Salaam. Daftari la kurasa 40 dukani halifiki bei ya soda mbili. Baada ya kila mechi akae na mwamuzi na kamisaa, alinganishe kadi moja baada ya nyingine, majina mawili kwa kila mchezaji, na wasaini wote kabla taa za uwanja hazijazimwa. Au, kwa viwanja vingi vya ukanda huu, kabla jua halijazama.